Fundi Aliyeipima Dunia kwa Futikamba

Sogeeni, enyi mliokaa, na enyi mliosimama kwa kukosa viti. Wekeni vijiko chini, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari inayokuja haipendi kukatizwa. Mmekwisha kusimuliwa majemadari waliovuka majangwa na wafalme waliozingira ngome miaka saba. Hizo ni habari ndogo. Leo mtasikia habari ya Fundi Cherehani, Bwana wa Pindo Lisilofumuka, Mshindi wa Zipu Zilizogoma, mume wa mke mmoja na baba wa binti mmoja, jinsi alivyoshuka vitani siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akaipima dunia yote kwa futikamba, akapata jibu kabla jua halijazama.

Na chanzo cha vita kilikuwa hiki. Binti yake alikuwa amekaa miaka sita ughaibuni, katika mji wa mbali wa kaskazini ambako, kwa maneno yake mwenyewe, maji hugeuka jiwe na watu wakapita juu yake na viatu. Huko alikuwa akiuguza wagonjwa hospitalini. Siku alipoondoka nyumbani, Fundi alichelewa uwanja wa ndege. Alikuwa akimalizia suruali ya bwana harusi, akasema "dakika kidogo tu," na dakika kidogo ya fundi nguo wote mnaijua ilivyo ndefu. Alipofika, binti alikwisha kuingia mlango ule usiorudisha mtu. Fundi akasimama kwenye uzio akaipungia ndege mkono mpaka bega likamuuma, na baadaye ikajulikana kwamba ndege ile ilikuwa ya mizigo.

Binti hakulalamika. Ila mwaka wa pili, katika maongezi ya simu yaliyohusu mambo mengine kabisa, alisema, "Siku ile nilitazama nyuma mara tatu, baba," kisha akauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Maneno hayo yalimwingia Fundi kama sindano inayoingia kidoleni na kukatikia humo humo. Akala kiapo mbele ya cherehani yake, mkono mmoja juu ya gurudumu, kwamba siku binti atakayorudi, uso wa kwanza atakaouona akitoka mlangoni utakuwa wa baba yake, hata kama mteja ni rais na suruali haina miguu.

Basi siku ikafika. Jumamosi saa sita mchana binti akapiga simu, akasema kwa haraka kwamba laini ya huko anairudisha saa ile ile, hatapatikana tena, ila wasihofu: ndege inaondoka usiku huu saa nne, na inafika kesho asubuhi saa nne. Akasema nawapenda. Simu ikakatika.

Saa nne mpaka saa nne. Mnaona wenyewe jinsi lilivyo jambo jepesi. Hata mtoto wa kunyonya angelielewa. Lakini katika ukoo huo hakuna jambo jepesi lililowahi kupita likiwa jepesi, kwa sababu gari lilikuwa la shemeji.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa Dereva Mstaafu, Simba wa Lami, Mla Milima, mtu aliyeendesha lori miaka thelathini bila kumuuliza mtu njia hata mara moja, na ndiyo maana aliijua miji mingi ambayo hakutumwa. Alikuwa na tumbo la heshima, kofia ya kazi asiyoivua hata mezani, na pikapu ya bluu ambayo mlango wake wa kushoto ulifunguka kwa ndani tu. Na alikuwa na sheria moja aliyotoka nayo barabarani, akaishika kuliko dini: dereva hasubiri mzigo, mzigo humsubiri dereva. Kufika mahali kabla ya mzigo ilikuwa kwake aibu sawa na kusukumwa gari sokoni.

Fundi na mkewe wakaenda kwake, wakamkuta sebuleni. Fundi akaomba kwa adabu waondoke kesho saa mbili asubuhi, maana safari ya uwanjani ni saa moja na nusu, na binti anatua saa nne.

Dereva akanywa maji, akaweka glasi chini polepole, kama hakimu anayetafuta mahali pa kuweka shingo ya mtu.

"Saa nne ya wapi?" akauliza.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Maana Dereva alisimama, akashika mkanda wa suruali, akahutubu. Alisema kwamba tiketi imeandikwa huko, na karani wa huko, akitazama saa ya ukutani ya huko. Kwa hiyo, saa nne hiyo ni ya huko. Na kwa kuwa sisi tuko mbele yao kwa saa mbili, jambo ambalo binti mwenyewe amelisema kila anapopiga simu watu wakiwa wamelala, basi saa nne yao ni saa sita yetu. Mtoto atatua saa sita mchana. Wataondoka saa nne na nusu, si dakika moja kabla, kwa kuwa yeye hajazaliwa kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki akitazama wageni wakibeba mabegi.

Fundi akajibu kwamba hata basi la abiria huandika saa ya mji linakofika. Dereva akamwambia hilo ni basi.

Wakajaribu silaha za kisasa. Simu kubwa ya Dereva ikaulizwa umbali kutoka mji ule hadi mji huu, ikafikiri, ikatoa jibu kwamba ni siku themanini na tisa kwa miguu, na kwamba njiani kuna kivuko. Ikapigwa namba ya uwanja wa ndege; mwanamke wa mashine akasema bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza nyota, akawazungusha humo mpaka salio likaisha, naye akawashukuru kwa kuwasiliana.

Ndipo Dereva, akiona adui amelegea, akaleta silaha yake kubwa. Ukutani mwake ilining'inia ramani ya dunia, pana kama shuka la kitanda kidogo, na chini yake imeandikwa kwamba sentimeta moja ni kilomita mia nne. Akachukua rula ndefu, akaiweka kutoka mji ule hadi mji huu, akafumba jicho moja kama mlenga shabaha, akasoma: sentimeta ishirini na saba. Akapiga hesabu kwa sauti, ikawa kilomita elfu kumi na mia nane.

"Na ndege kubwa inakwenda mia tisa kwa saa," akasema. "Hilo usinibishie, mimi ni mtu wa injini. Gawanya. Ni saa kumi na mbili kamili. Saa nne usiku, ongeza kumi na mbili, unapata saa nne asubuhi. Ya huko. Haya, shemeji, nenda kashone."

Hesabu ilikaa sawa kama kifungo ndani ya tundu lake. Fundi akaitazama ile rula, akatafuta pa kuishika asipaone. Mkewe akamsihi kaka yake kwamba hata kama ni saa sita, kuwahi si dhambi. Dereva akasema kuwahi ni ugonjwa, unaanza hivi hivi.

Fundi akarudi kwenye kibanda chake amejikunja kama kola isiyopigwa pasi. Alimwambia mkewe aende nyumbani, yeye ana kazi. Kazi hiyo ilikuwa kofia ya kitambaa ya mteja, ya duara, imeshonwa mkanda wake, imebaki kunyooshwa. Akaiweka juu ya meza, akaishindilia pasi akiwa na hasira na ukoo wa mkewe, na kofia ikafanya kile ambacho kofia za duara hufanya zikilazimishwa kulala chali: ikakunjamana. Akaivuta ukingo wa huku ili mkunjo upotee, nao ukapotea, ila ukingo ukawa mpana kuliko alivyoukata. Akaivuta na huku. Ukapanuka na huku. Kisha mkono wake ukasimama hewani, na pasi mkononi, na moshi mdogo ukaanza kupanda kutoka mezani bila yeye kujali.

Kwa maana alikuwa ameona. Dunia ni duara. Hilo lilimfikia hata yeye. Ramani ya shemeji ni bapa. Na kitu cha duara hakilali bapa mpaka mtu akivute kingo. Nani alivuta, Fundi hakumjua, lakini alijua kwa hakika ya fundi wa miaka arobaini kwamba nguo iliyovutwa haipimiwi chochote.

Akachomoa pasi kwenye umeme. Akajivika futikamba shingoni kama mkufu wa kifalme, akachomeka sindano mbili kwenye kola, akavaa kidoleni kastabani, ile kofia ndogo ya chuma izuiayo sindano, wala hakuna ajuaye aliivaa kwa nini, na akatoka kwa mwendo wa jeshi.

Tufe la dunia mtaani mlikuwa na moja tu, nalo lilikaa juu ya kabati la Mwalimu Mstaafu, mlango wa tatu, limefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi na dhidi ya watu. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha Fundi mpaka darasa la tano, kabla Fundi hajaacha shule na kukaa chini ya meza ya mjomba wake akiokota pini. Fundi akampa shikamoo, akaeleza shida yake yote, kuanzia kiapo hadi rula.

Mwalimu akamsikiliza, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Somo la umbo la dunia lilikuwa Jumatatu," akasema. "Wewe uliacha shule Ijumaa."

"Nimerudi, Mwalimu," akasema Fundi.

 Bibi akapanda juu ya kigoda mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akaliteremsha tufe. Lilikuwa limezeeka. Ncha ya kusini ilikuwa imeliwa na panya, na bahari moja kubwa ilikuwa na bonde pale lilipowahi kuangukia jiwe la kusagia. Lakini balaa kuu lilikuwa hili: mahali penyewe, palipo na mji wetu, palikuwa na kibandiko cha duka kisichotoka tangu siku lilipouzwa. Nchi nzima ilikuwa chini ya kibandiko.

Hapo Fundi akashambulia. Kwanza kwa kucha, kibandiko kikakaa. Akashambulia kwa mate, kikalowa, kikakaa. Mwalimu akaonya kwamba akikwangua kwa nguvu atang'oa na majirani zetu, na hatujagombana nao. Fundi akachomoa sindano kutoka kolani, akaitia chini ya ukingo wa kibandiko taratibu, kama afumuaye mshono wa hariri, akaenda nywele kwa nywele, jasho likimshuka kwenye pua, na Mwalimu akiwa ameinama juu ya bega lake la kulia amesahau kupumua. Kikaachia. Na chini yake, safi kama jino jipya, ukaonekana mji wetu, nukta moja nyeusi, mitaa yetu yote humo ndani.

Kisha akapima kama apimavyo mteja. Kwanza tumbo: akaizungusha futikamba katikati ya dunia, kwenye mstari wa ikweta, akavuta pumzi kana kwamba dunia nayo ingeivuta, akasoma sentimeta mia moja kasoro nywele. Mwalimu akasema mzunguko huo ni kilomita elfu arobaini, akalisema kwa sauti ya darasani, na Fundi akajibu "ndiyo Mwalimu" bila kukusudia. Basi sentimeta moja ni mia nne, sawasawa na ramani ya shemeji. Kisha akaweka kidole chenye kastabani juu ya mji wa binti, akailaza futikamba juu ya mgongo wa dunia bila kuivuta, ikalala yenyewe ilipopenda, ikapita kaskazini kidogo ya pale rula ilipopita, ikashuka nyumbani.

Sentimeta ishirini na mbili na nusu.

Wakapiga hesabu pamoja, yeye kwa vidole na Mwalimu kwa chaki sakafuni. Kilomita elfu tisa. Kwa mwendo wa mia tisa, ambao Dereva aliuapia mwenyewe, ni saa kumi. Ndege ikiruka saa nne usiku ya huko, kwetu ni saa sita usiku. Ongeza kumi: saa nne asubuhi. Ya hapa. Tiketi ilikuwa imesema kweli, na karani wa huko alikuwa mtu mwenye akili.

Basi Fundi akaibeba dunia kwapani, Mwalimu akifuata nyuma kuhakikisha hadondoshi bara lolote, na mtaa ukatoka milangoni kuwatazama. Muuza mkaa akauliza wanaipeleka wapi. Fundi akasema anaipeleka kwa shemeji yake ikamwone.

Dereva alipoona tufe linaingia sebuleni alicheka mpaka kiti kikalalamika. Akasikiliza hesabu, akasema futikamba ni ya viuno, si ya mabara, na kwamba ramani yake ilichapishwa na wasomi. Mkewe Fundi, aliyekuwa amewahi kufika, akasimama katikati ya mumewe na kaka yake, asijue amtetee nani.

Fundi hakubishana. Akasema kwa upole, "Shemeji, naomba kofia yako."

 Kofia ile haikuwahi kuombwa. Lakini kwa kuwa Mwalimu alikuwa amemkazia macho, Dereva akaivua, na kipara kikatokea kama mwezi usiotarajiwa. Fundi akaiweka mezani.

"Ilaze bapa," akasema.

Dereva akaikandamiza kwa kiganja. Ikakunjamana. Akaambiwa aondoe mikunjo, akavuta kingo. Mikunjo ikaondoka. Fundi akatoa futikamba, akapima ukingo uliovutwa, akautaja. Kisha akaiachia kofia ikarudi duara yake, akapima pale pale tena, akautaja. Namba ya pili ilikuwa ndogo kwa vidole viwili.

"Kofia ni ile ile?" akauliza Fundi.

"Ni ile ile," akasema Dereva.

"Ukingo ni ule ule?"

"Ule ule."

"Sasa hao wasomi wako walikuwa na dunia ya duara na karatasi bapa. Unadhani walifanyaje?"

Dereva akaitazama ramani. Akaitazama kofia. Macho yake yakapanda kule juu kaskazini, ambako nchi zilikuwa zimetandazwa kama unga wa chapati, mpaka ule mji wa binti.

"Walivuta," akasema kwa sauti ndogo.

"Walivuta pembeni. Na mtoto wako anatoka huko huko pembeni."

 Kisha Dereva, Simba wa Lami, akavaa kofia yake, akaisawazisha, akasema yeye kwa kawaida hawahi, ila kesho itabidi waondoke saa mbili kasoro robo, kwa kuwa kuna malori huwa yanaziba daraja Jumapili. Na akaongeza kwamba jambo hilo la malori alikuwa akilifikiria tangu mchana. Dada yake akamwambia ndiyo kaka, tuliliona usoni mwako.

Jumapili saa tatu na robo walikuwa uwanjani. Dereva akapata mateso yake yote: kiti cha plastiki, wageni na mabegi, na mama mmoja aliyemwomba amshikie mwavuli. Fundi hakukaa. Alitafuta mahali ambapo mtu anayetoka mlangoni hataweza kumkosa, na kwa kuwa mbele yake kulikuwa na familia moja ndefu ajabu, akapanda juu ya benchi. Askari wa zamu akaja akamwomba ashuke, mzee, benchi ni la kukalia. Fundi akamweleza kwamba atashuka mtu wake akitoka. Askari akauliza atatoka saa ngapi.

"Saa nne anatua," akasema Fundi. "Ya hapa."

Askari akatazama saa yake, akatazama ubao wa ndege, na ubao, kana kwamba ulikuwa ukimsikiliza, ukabadilika: imetua. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Dereva akainuka kwenye kiti chake cha plastiki. Alizitazama zile dakika tatu kwa heshima, akamwambia mwenye mwavuli kwamba huyo pale juu ya benchi ni shemeji yake, na kwamba hesabu ile waliipiga pamoja.

Zikapita dakika arobaini, ambazo hazimo katika futikamba yoyote. Mlango ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka. Wakatoka watu wenye makoti makubwa wakiyavua. Kisha akatoka mwanamke mmoja akisukuma toroli lililokuwa likimvuta kushoto, amenenepa kidogo, nywele kakata, akitazama chini kupigana na gurudumu. Akainua kichwa kutafuta. Hakuhitaji kutafuta. Macho yalipoinuka tu yakamkuta mtu mmoja mfupi aliyesimama juu ya benchi, juu ya vichwa vya watu wote, na futikamba shingoni aliyosahau kuivua tangu jana, na askari akimshikilia kiuno asianguke.

Toroli likaachwa liende linakotaka.

Fundi alikuwa ameandaa hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu, na ya kwanza ilihusu ile suruali ya bwana harusi. Aliposhuka benchini na kumshika mtoto wake mabegani, kama ampimaye, hotuba yote ikafumuka uzi mmoja kwa wakati, na kilichobaki mkononi kikawa hiki:

"Umefika saa nne."

"Ndiyo, baba," akasema binti, akilia na kucheka. "Si nilikuambia?"

Mama akaangua kicheko cha machozi. Dereva akakohoa, akasema ni kweli ulituambia, mpwa wangu, ila hukusema ya wapi.

Basi na isimamishwe hapa, enyi mliosikia, na aliyelala aamshwe asikie mwisho. Wapo waliozunguka dunia kwa merikebu wakarudi na dhahabu. Wapo walioiteka nusu yake kwa upanga, na nusu ile ikaja ikawaponyoka. Lakini Fundi Cherehani, Bwana wa Pindo, Mbeba Dunia Kwapani, aliizunguka yote kwa futikamba moja alasiri ya Jumamosi, akamshinda shemeji asiyeshindika, akaitoa nchi yake chini ya kibandiko, na siku ya pili yake, kwa mara ya kwanza katika historia ya mafundi nguo wa ulimwengu mzima, akafika mahali kwa wakati.